Kujitegemea Bila Ardhi: Historia ya Mafunzo ya Ustawi wa Kiuchumi kutoka Domasi hadi Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mafunzo ya kitaaluma yanayolenga kuinua hali ya kijamii, kiuchumi na kifedha ya watu, kuanzia vituo vya Jeanes vya enzi ya ukoloni hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi. Inadai kwamba neno kujitegemea, ambalo mwaka 1967 lilibeba sharti la ardhi na la mamlaka ya watu juu ya mambo yao, limefika Dzaleka likiwa limepungukiwa na masharti hayo, na kwamba mafunzo yanayotolewa chini ya neno hilo hayawezi kupimwa kwa haki bila kuitazama sheria inayomzunguka mwanafunzi.

Utangulizi

Tangu Lilongwe ichukue nafasi ya Zomba kama makao makuu ya Malawi mwaka 1975, mitaa yake mingi imejulikana kwa nambari: Area 3, Area 18, Area 25, Area 47. Mkazi wa Area 47 akitaka kwenda Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, hushika barabara ya kaskazini, na baada ya takribani kilomita 45 huwa amefika. Mkazi wa Dzaleka anayetaka kwenda Area 47 husafiri umbali uleule, ila yeye anahitaji kibali. Mkufunzi anayelala mjini huenda kambini asubuhi na kurudi jioni. Mwanafunzi wake, hata akishapata cheti, hubaki palepale. Tofauti ya safari hizi mbili ndiyo iliyonifanya niisome upya historia ya mafunzo yenyewe, kwa kuwa nilianza kushuku kwamba tofauti hiyo ni ya zamani kuliko kambi.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kuwapokea waliokimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Kabla ya hapo mahali hapo palikuwa gereza, lililowafunga wapinzani wa kisiasa katika enzi ya Rais Hastings Kamuzu Banda. Jina lenyewe, kwa maelezo yaliyozoeleka, linatokana na maneno ya mfungwa anayeahidi kwamba ataacha kosa lake. Kwa Kichewa, -leka ni kuacha, na -dza- ni kiambishi cha wakati ujao. Mrundi au Mnyarwanda aliyeletwa hapo hakuhitaji mkalimani ili ausikie mzizi huo, maana katika lugha zao kuacha ni kureka. Hivyo watu ambao hawakuwa na kosa lolote walipewa makazi mahali ambapo jina lake ni toba.

Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani na mabombani ni Kiswahili, hasa kile cha mashariki mwa Kongo. Redio ya jamii ya kambini inaitwa Yetu. Tamasha la sanaa lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo Menes La Plume mwaka 2014, ambalo huwavuta hata wakazi wa Lilongwe, linaitwa Tumaini. Pale wakazi walipojitungia majina, walichagua Kiswahili. Pale walipotungiwa majina ya kazi na miradi, mambo yalikwenda vingine, kama tutakavyoona.

Mwalimu mtembezi na kodi ya kibanda

Taaluma ya kumfundisha mtu awafundishe wengine namna ya kuinua maisha yao ina asili inayojulikana vizuri katika eneo letu. Mwaka 1907, Anna T. Jeanes, mwanamke Mkwekari wa Philadelphia, aliacha fedha za kusaidia shule za watu weusi vijijini katika majimbo ya kusini ya Marekani. Walimu waliolipwa na mfuko huo walitembea kutoka shule moja hadi nyingine wakifundisha ufundi, usafi na malezi ya nyumba. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu, ilipendekeza mfumo huo uletwe huku. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925. Mwishoni mwa muongo huo Nyasaland, yaani Malawi ya leo, nayo ikapata kituo chake Domasi, karibu na Zomba, kwa msaada wa fedha za Carnegie. Wanafunzi walikuja na wake zao, na wake nao wakafundishwa. Katika miaka ya 1930 Domasi iliwapokea hata machifu.

Mtaala wake haukuwa wa kubezwa. Mbolea ya samadi, vyoo, lishe ya watoto, useremala, utunzaji wa hesabu za nyumba: haya yaliokoa maisha. Sioni sababu ya kuwakejeli walimu wale, ambao wengi walitembea kwa miguu na baiskeli vijiji hadi vijiji kwa ujira mdogo. Lakini tazama kilichokuwa nje ya darasa. Mkulima wa Nyasaland alidaiwa kodi ya kibanda iliyompasa apate fedha taslimu. Katika nyanda za Shire, ambako ardhi nyingi ilikuwa imeshikwa na wenye mashamba wa Kizungu, mpangaji alilipa kodi ya ardhi kwa kazi, utaratibu ulioitwa thangata. Uasi wa John Chilembwe wa Januari 1915 ulilenga shamba la Magomero hasa kwa sababu ya manung'uniko hayo. Wanaume waliendelea kumiminika kwenda migodini na mashambani Rhodesia na Afrika Kusini, hata kamati ya serikali ikalazimika mwaka 1935 kuonya kwamba uhamaji huo ulikuwa ukizibomoa jamii za vijijini. Mwalimu wa Jeanes alifundishwa kumweleza mama wa nyumba jinsi ya kuitumia senti vizuri. Hakufundishwa kuuliza kwa nini baba wa nyumba yuko Johannesburg.

Hapa ndipo ninapouona utaratibu uliorudiwa baadaye mara nyingi. Ufukara una sababu za kisheria na sababu za maarifa. Mafunzo hushughulikia za pili, kisha kidogo kidogo lugha ya mafunzo huzoea kusema kana kwamba za kwanza hazipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kabete ilitumika kuwafunza askari waliorudi na maofisa wa idara mpya ya maendeleo ya jamii. Mwaka 1952 vilabu vya wanawake vilivyokuzwa na idara hiyo vilizaa Maendeleo ya Wanawake, chama ambacho jina lake la Kiswahili limedumu hadi leo. Mwaka huohuo ilitangazwa Hali ya Hatari nchini Kenya, na idara ikaongezewa jukumu la kuwarekebisha wafungwa wa kizuizini. T. G. Askwith, aliyeiongoza, alipinga ukatili uliokuwa ukitendwa makambini, na mwaka 1957 jukumu hilo akanyang'anywa. Kushona na usafi vilifundishwa nje ya ua. Ndani ya ua watu walipigwa. Katika mwaka 1961 shule ya Kabete iligeuzwa kuwa chuo cha utawala cha Kenya.

Nchini Malawi taaluma hii ilipata makao yake Magomero, katika wilaya ya Chiradzulu, ambako chuo cha maendeleo ya jamii kimewafunza wasaidizi wa vijijini kwa miongo mingi. Jina hilo ni lilelile la shamba la 1915. Sijui kama wanafunzi wake huambiwa habari za thangata katika juma lao la kwanza. Ningependa iwe hivyo.

Neno na masharti yake

Kiswahili kiliipokea taaluma hii kwa msamiati wa shambani na wa safari. Ustawi hutokana na kustawi, kitenzi ambacho mwenyewe hasa ni mmea: mhindi uliostawi, mgomba uliostawi. Maendeleo hutokana na kuendelea, kwenda bila kukatizwa. Maneno yote mawili yana picha ndani yake, na picha hizo zina mahitaji: mmea hutaka udongo, msafiri hutaka njia iliyo wazi.

Tanzania ndiyo iliyoujenga msamiati huu kuwa wa kitaasisi. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mafunzo ya maendeleo ya jamii Tengeru mwaka huohuo. Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katikati ya tarehe hizo kuna Februari 1967, ambapo Azimio la Arusha lilitangazwa na kujitegemea likawa neno la siasa, na mwezi uliofuata likawa neno la elimu.

Inafaa kulitazama neno hili kisarufi. Kutegemea ni kumwekea mtu au kitu uzito wako. Kiambishi -ji- kinamfanya anayeegemea awe ndiye nguzo. Swali la kihistoria ni hili: nguzo hiyo ni nani? Mwaka 1967 jibu lilikuwa wazi. Nguzo ilikuwa taifa na kijiji, nafsi ya wingi, na aliyekataliwa kuegemewa alikuwa mkopeshaji wa nje. Tena Azimio halikuliacha neno likielea. Liliyataja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ardhi ni ya pili katika orodha hiyo, mbele ya siasa. Tunaweza kuyachambua mapungufu ya utekelezaji, hasa uhamishaji wa watu kwa nguvu kwenda vijijini, bila kulisahau jambo hili la msingi: neno lilipozaliwa lilikuwa na udongo chini yake.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwa wakimbizi wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, kisha Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kilutheri la TCRS walishirikiana kuyaendesha makazi hayo. Familia zilipewa mashamba, Mishamo yakifikia hekta 5 kwa kaya, pamoja na maafisa ugani, vyama vya ushirika na shule. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yakijilisha, yakiuza ziada na kulipa kodi, na mashirika ya msaada yakaondoka. Wakazi walihitaji ruhusa kutoka nje ya makazi, na wengi walililalamikia hilo. Sidai kwamba ilikuwa pepo. Lakini afisa ugani wa Katumba aliyefundisha nafasi kati ya mche na mche wa tumbaku alimfundisha mtu mwenye shamba. Zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao na vizazi vyao hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Uganda nayo imekuwa ikigawa viwanja Nakivale na kwingineko, na Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya kufanya kazi.

Dzaleka: vyeti na kibali

Malawi haikuwa nchi bahili wa ukarimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ilihifadhi Wamsumbiji zaidi ya 1,000,000, wengi wakiishi katikati ya wanakijiji waliozungumza lugha zao. Hata hivyo, ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka mashaka rasmi juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira ya mshahara, mali, elimu ya umma, uhuru wa kwenda utakako na uraia. Sheria ya Wakimbizi ya 1989 ilifuata. Wamsumbiji walirudi kwao baada ya mapatano ya amani ya 1992. Sheria ilibaki, ikawasubiri waliokuja baadaye, ambao hawakuwa na pa kurudi.

Ndani ya uzio huo wa kisheria ndipo mafunzo yalipostawi, na yalistawi kweli. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha Dzaleka na Kakuma, Kenya, programu ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao, ambayo diploma yake ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Biashara, ualimu na ustawi wa jamii vilikuwa miongoni mwa michepuo yake. Wahitimu wa kwanza wa Dzaleka walivaa joho mwaka 2013. Sambamba na diploma kulikuwa na kozi fupi za kuwatayarisha watu kuhudumia jamii zao. Yamekuwepo pia mafunzo ya ushonaji, ya kutunga programu za kompyuta, ya biashara ndogondogo. Mwishoni mwa muongo wa 2010 benki ya kibiashara ilifungua huduma zake kambini. Mbinu iliyoanzishwa na BRAC nchini Bangladesh mwaka 2002, ya kumpa mtu maskini mali ya kuanzia, posho ya muda, mafunzo na mshauri, nayo imeletwa. Wakati huohuo mgawo wa chakula umekuwa ukipunguzwa kila fedha za wafadhili zinapopungua, na kila unapopungua neno kujitegemea husikika zaidi.

Na hapa neno limebadilika nguzo. Sasa anayeambiwa ajitegemee ni kaya moja, wakati mwingine mama mmoja. Kile anachotakiwa aache kukiegemea ni unga wa mgawo. Nafsi ya wingi imetoweka, na ardhi pamoja nayo, kwa kuwa eneo la kambi halitoshi kulimwa na watu 50,000. Kinachobaki kutoka orodha ya 1967 ni watu.

Msamiati wa jirani unathibitisha mwelekeo huo. Mbinu ya BRAC huelezwa kuwa ni kuhitimu kutoka kwenye umaskini. Kuhitimu kwetu kuna harufu ya chuo cha Kurani, mtoto akimaliza msahafu na kusomewa dua, kisha akaingia mtaani akiwa mtu mwingine. Aliyehitimu umaskini Dzaleka huingia mtaa gani? Vivyo hivyo mlengwa, neno ambalo sisi Watanzania tumelizoea kupitia miradi kama ya TASAF: linamweka mtu upande wa kupigwa mshale, si upande wa kuushika upinde. Na mfasiri asiye mwangalifu, akitaka kutaja kikundi cha watu wanaosaidiana wenyewe, anaweza kuandika kikundi cha kujisaidia, akaamsha kicheko ambacho mkufunzi hatakielewa hadi aelezwe faraghani.

Eneo moja tu ninaloliona likienda kinyume cha mwelekeo huu, nalo ni la akiba. Watu waliofika Dzaleka walitoka katika nchi ambazo kila moja ina jina lake la kuchangishana na kupokezana fedha: likelemba kwa Wakongo, ikimina kwa Wanyarwanda. Tanzania tuna upatu, Kenya wana chama. Wamalawi wenyewe wana banki m'khonde, na khonde ni kile tunachokiita baraza. Benki ya barazani. Juu ya mizizi hii limekuja sanduku lenye kufuli tatu na funguo zilizoshikwa na watu watatu, mfumo ulioanzia Maradi, Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika Jozani, Unguja, karibu na mwaka 2000, na kuenea Tanzania kwa jina la VICOBA. Kikundi cha namna hii hakihitaji hati ya ardhi wala kibali cha kutoka. Hisa huandikwa kwa mihuri katika daftari ambalo hata asiyejua kusoma anaweza kulikagua, na mwisho wa mzunguko fedha hugawanywa mbele ya wote. Mkufunzi hapa anasahihisha hesabu ya jambo ambalo wanafunzi walilijua kabla yake, katika lugha wanayoimiliki. Nguzo imerudi kuwa ya wingi.

Hata hivyo akiba hutaka mzunguko wa biashara, na biashara ya Dzaleka ilikuwa na tawi lake mjini. Kwa miaka mingi wakimbizi waliendesha maduka Lilongwe na miji mingine, na kambi ilinufaika. Mwaka 2021 serikali iliamuru wote warudi kambini. Mahakama zikasimamisha amri kwa muda. Mwezi Mei 2023 ikatekelezwa. Mamia walikamatwa, wakiwemo watoto, na wengine walipitishwa gereza la Maula kabla ya kufikishwa Dzaleka. Maduka yalifungwa na bidhaa zikapotea. Mitaji iliyojengwa kwa mizunguko kadhaa ya akiba iliweza kumalizika kwa siku moja, na hakuna somo la usimamizi wa fedha lililokuwa na kinga dhidi ya hilo. Ni vigumu kutoiona kejeli ya ramani ya kambi yenyewe, ambayo sehemu zake huitwa Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre na Karonga, majina ya mitaa na miji ambayo mkazi wake haruhusiwi kuhamia.

Miezi miwili tu baadaye, Julai 2023, Rais Lazarus Chakwera, akimpokea Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za uhuru wa Malawi, alitangaza nia ya kuingiza Kiswahili katika shule za nchi hiyo. SADC ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kwa wanataaluma wa Kiswahili ilikuwa habari ya kushangilia, na tulishangilia. Lakini nchi inayotafuta walimu wa Kiswahili ilikuwa imetoka tu kuwarudisha nyuma ya mstari maelfu ya wazungumzaji wake, baadhi wakiwa na diploma za ualimu.

Kwa washauri wa sera waliomo katika kongamano hili ninaweka mambo yanayotekelezeka. Kuwaajiri walimu wa Kiswahili kutoka Dzaleka kunahitaji waraka wa vibali vya kazi kwa kada moja, na wala hakungoji kuondolewa kwa mashaka yote ya 1987. Miongozo ya mafunzo ya fedha iandikwe kwanza kwa Kiswahili na Kichewa na watu wa kambini wakishiriki, badala ya kutafsiriwa usiku wa kuamkia warsha. Na kila taarifa ya mradi inayohesabu waliofunzwa iwe na safu ya pili, inayohesabu waliopata kibali cha kukitumia walichofunzwa.